Pima kiuno kabla ya sukari: mwongozo wa fundi wa nguo, Bondeni, Nakuru

Kata uzi. Usiwe wa raba wala wa sufi unaovutika. Uzi wa kushonea magunia unafaa kabisa. Vua viatu, simama wima ukutani, mtu akushikie ncha moja kisiginoni aupandishe hadi utosini, aukate hapo. Huo ni urefu wako. Sasa ukunje mara mbili, ncha kwa ncha, na baada ya kutoa pumzi kama kawaida, uuzungushe kiunoni. Ukifika na kukutana, vizuri. Usipofika, kiuno chako kimezidi nusu ya urefu wako, na kuna uwezekano mkubwa kwamba insulini, homoni inayogawa sukari mwilini mwako, inafanya kazi kupita kiasi, hata kama kipima sukari bado kinaonyesha uko sawa.

Hapo kwenye neno "kiunoni" ndipo wengi wanapokosea. Mwanamume anaingia kibandani kwangu, ananiambia, "Fundi, usijisumbue kupima, mimi ni 34 tangu nioe." Suruali kweli ni 34, lakini anaifungia chini ya tumbo. Nikipitisha tepu pale panapostahili napata 41. Kipimo cha suruali hakina habari na kiuno. Papasa ubavu wa chini kabisa, papasa juu ya mfupa wa nyonga, na katikati ya hivyo viwili ndipo uzi upite, usawa mbele na nyuma, bila kubana na bila kuvuta tumbo ndani. Anayetumia tepu ajue kwamba madaktari huanza kutilia shaka kwenye inchi 31 na nusu kwa mwanamke na inchi 37 kwa mwanamume, yaani sentimita 80 na 94. Mimi napenda uzi, kwa sababu unamhesabia mfupi ufupi wake na mrefu urefu wake. Mama mjamzito asijipime hivi, kipimo chake kiko kliniki.

Nashona hapa Bondeni tangu 1997. Fundi wa nguo ana kitu ambacho watu wengi hawafikirii: vipimo vya watu walewale, mwaka baada ya mwaka, kwa kalamu. Nina madaftari 11. Yumo mama mmoja muuza mitumba niliyemshonea gauni la arusi lenye kiuno cha 27, na nikamshonea la kumwozesha bintiye kiuno kikiwa 40. Na mimi mwenyewe nimo. Mwaka 2008, 29. Mwaka 2015, 32. Mwaka 2021, 38. Kati ya hizo mbili za mwisho, mwaka 2016, ndipo nilipoweka mota kwenye cherehani. Kabla ya hapo nilikuwa nikikanyaga Singer kwa miguu saa saba au nane kila siku, na sikujua kwamba miguu ile ilikuwa na kazi nyingine zaidi ya kuzungusha gurudumu.

Mapema 2024 mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wetu alipita na mkoba ule ambao serikali iliwagawia mwishoni mwa 2023, wenye mashine ya presha na kipima sukari. Ilikuwa asubuhi na mapema, sijanywa hata chai. Akanitoboa kidole: 6.3, kwa kipimo cha milimoli kwa lita. Akasema, "Mama, hii si ya kukaa nayo, nenda hospitali." Huko wakanipima sukari ya miezi mitatu, ile wanayoiita HbA1c, ikatoka asilimia 6.1. Nikaelezwa hivi: kabla ya kula chochote asubuhi, chini ya 5.6 hakuna neno, 7.0 kwenda juu ni kisukari. Kwenye HbA1c, kisukari kinaanzia 6.5, na kati ya 5.7 na 6.4 uko njiani. Mimi nilikuwa njiani.

Shingo

Nilikuwa nimefuatana na binti yangu siku hiyo, ana miaka 16. Kwa miaka miwili nilikuwa namgombeza juu ya shingo yake. Nyuma, pale kola inapokaa, kulikuwa na weusi mzito kama mahameli, na makwapani vilevile. Nikadhani haogi sawasawa. Nilimsugua kwa jiwe, nikamsugua kwa dodoki na ndimu mpaka akatokwa na machozi. "Mama, nimeoga." Namwambia rudi bafuni.

Daktari alimaliza na mimi, akamtazama yeye, akamwomba afunue kola. Akasema, "Huu si uchafu, mama. Hapa ngozi inatuonyesha kwamba insulini ni nyingi kwenye damu." Insulini ikizidi sana huzichochea seli za ngozi kuota kupita kiasi, hasa kwenye mikunjo: shingo, kwapa, kinena. Usugue usisugue, haitoki. Jioni ile nilimwomba mtoto wangu msamaha, na bado naona haya nikiandika haya.

Tangu hapo, ninapopima mabega ya mteja nikaiona shingo ya namna ile, sinyamazi. Naweka tepu chini, nasubiri wengine watoke, namwambia kwa sauti ya chini aende akapimwe. Weusi wa aina hiyo unaweza kuletwa na mambo mengine pia, ndiyo maana nasema apimwe, sisemi ana kisukari. Na mzazi anayesoma hapa: weka chini lile jiwe.

Insulini inafanya nini

Nilimwuliza daktari, insulini nyingi vipi? Si tunasikia kisukari ni kukosa insulini? Akanijibu kuna magonjwa mawili chini ya jina moja. Kuna ile aina ya kwanza, ambapo kinga ya mwili yenyewe inaziua seli zinazotengeneza insulini, na mgonjwa, mara nyingi mtoto au kijana, hawezi kuishi bila sindano. Hii yetu ya watu wazima inaanzia upande wa pili kabisa.

Habari hii si ya jana. Mwaka 1936 daktari mmoja wa London, Harold Himsworth, aliwapa wagonjwa wake maji ya sukari huku akiwadunga insulini wakati uleule. Wengine sukari yao haikupanda. Wengine ilipanda kana kwamba hawakudungwa kitu. Akajua hao wa pili insulini wanayo ila miili yao haiisikii. Baadaye, karibu na 1960, Rosalyn Yalow na Solomon Berson huko New York walipata njia ya kupima insulini yenyewe kwenye damu, wakakuta wagonjwa wengi wa ukubwani wana insulini tele. Yalow alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1977.

Sasa fikiria damu yako. Mtu mzima ana lita 5 hivi, na asubuhi sukari yote iliyomo ndani ya damu hiyo ni kama gramu 5 tu, kijiko kimoja cha chai. Kunywa soda ya chupa, ile ya mililita 300, na umeingiza gramu 30 hivi, vijiko sita, mahali penye nafasi ya kimoja. Lazima atokee wa kuigawa haraka. Huyo ndiye insulini. Inatoka kwenye kongosho, kiungo kilicholala nyuma ya tumbo la chakula, na inapeleka agizo sehemu tatu.

Kwenye misuli, inagonga nje ya seli, na milango ya sukari iliyokuwa imehifadhiwa ndani inapandishwa juu kwenye ngozi ya seli, sukari ipite. Wataalamu wanaiita milango hiyo GLUT4. Sehemu kubwa ya sukari ya mlo huishia misulini. Kwenye ini, agizo ni: acha kutoa sukari, weka akiba. Kwenye mafuta ya mwili, agizo ni: funga stoo, usitoe mafuta sasa, pokea. Usiku ukilala, insulini inashuka na homoni nyingine, glukagoni, inaliambia ini lifungue akiba kidogo kidogo, ubongo usikose chakula mpaka asubuhi. Kwa hiyo insulini ndiyo inayouambia mwili saa hii tunaweka, saa ile tunatumia. Kushusha sukari ni sehemu tu ya kazi yake.

Hili la ini ndilo lililonifungua macho. Nilikuwa najiuliza: jana nililala na njaa kwa makusudi, hii 6.3 imetoka wapi? Imetoka kwenye ini langu. Lilikuwa halisikii tena agizo la kuacha.

Kwa nini mwili unaacha kusikia

Nitaeleza kwa kazi yangu. Kila Januari shule zikifungua, mwenye duka ananiletea majora ya kitambaa cha sare. Kibanda changu kina stoo nyuma, pana kiasi chake. Majora ya kwanza yanaingia stoo. Stoo ikijaa na yeye bado analeta, naweka moja juu ya meza ya kukatia. Jingine juu ya meza ya pasi. La tatu linaegemea cherehani. Sasa kazi yenyewe haiendi, kwa maana siwezi kukata, siwezi kupiga pasi, siwezi kushona. Akipiga simu mara kumi kusema "Fundi, pokea jora," hata nikimsikia sina la kufanya.

Stoo ni mafuta yaliyo chini ya ngozi: mapajani, makalioni, mikononi. Hayo yana nafasi yake na hayana ubaya mwingi. Yakijaa, mafuta yanaanza kuwekwa mahali pasipo pa kuwekwa: katikati ya matumbo, ndani ya ini, ndani ya seli za misuli. Huko ndani ya seli, vipande vya mafuta huamsha protini zinazolikata agizo la insulini njiani, kabla halijafika kwenye ile milango. Na mafuta ya tumboni, yakizidi, huvuta seli za kinga na kutoa kemikali za uvimbe zinazoharibu usikivu zaidi. Ndiyo sababu ninapima kiuno, sipimi paja.

Stoo za watu hazilingani. Kuna mwanamke mkubwa wa makalio ambaye insulini yake haina shida, na kuna kijana mwembamba mwenye kitumbo kidogo tu ambaye stoo yake ilijaa mapema. Ukiona mwembamba ana kisukari usiseme amerogwa. Nafasi ya stoo ni ya kurithi kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo waulize wazazi na ndugu zako nani ana sukari.

Ini linapokuwa sugu halisahau yote. Linasahau agizo la kuacha kutoa sukari, lakini lile la kutengeneza mafuta bado linalitii. Kwa hiyo linatoa sukari na mafuta kwa pamoja, na majora yanaongezeka. Kongosho nalo, likiona sukari haishuki, linatoa insulini mara mbili, mara tatu. Na linafaulu! Sukari inabaki kawaida miaka mingi. Hapo ndipo ninapotaka unisikilize: katika miaka hiyo yote kidole kitatobolewa na utaambiwa uko sawa, huku kiuno na shingo vikisema vingine. Siku namba inapopanda, seli za kongosho zimeshaanza kuchoka na nyingine zimekufa.

Yapo mengine yanayoongeza usugu huu wa mwili kutoisikia insulini: mimba, kwa homoni za kondo la nyuma (aliyepata sukari ya mimba aendelee kupimwa hata baada ya kujifungua), ovari za mwanamke, yaani viungo vinavyotoa mayai, kuwa na vifuko vingi na hedhi kuruka, dawa kama prednisolone zikitumiwa muda mrefu, msongo wa mawazo, na kukosa usingizi.

Anza na miguu

Watu huanza na chakula. Mimi nakushauri uanze na miguu, kwa sababu moja ambayo sikuijua mpaka nilipoambiwa: msuli unapofanya kazi unapandisha milango ile ya sukari wenyewe, bila kungoja insulini. Usugu unaziba njia moja ndani ya seli, kazi inapita njia nyingine. Na msuli ukishafanya kazi, unabaki ukiisikia insulini vizuri zaidi kwa siku moja, pengine hadi mbili. Kwa hiyo usiache siku mbili zipite mfululizo bila kufanya kitu.

Nilichofanya ni kuifungua mota na kuurudisha ukanda wa ngozi kwenye gurudumu. Fundi wenzangu walidhani nimekosa pesa ya stima. Jioni ya kwanza ndama za miguu ziliuma. Mota bado ninayo, naitoa Januari kwa ajili ya sare, halafu inarudi kabatini. Wewe huna cherehani, una njia. Baada ya chakula cha mchana nilikuwa nasinzia juu ya meza. Sasa natembea dakika 10 au 15 kabla ya kukaa, na siku ya kununua vifungo na zipu naenda Top Market kwa miguu, sipandi boda. Kutembea mara tu baada ya kula kunaikuta sukari ikiwa ndiyo inaingia. Mara tatu kwa wiki, fanya kitu cha nguvu: beba mtungi wa maji, simama na ukae kwenye kiti mara 10 bila kushika kitu, pumzika, rudia. Msuli ukiwa mkubwa, sukari ina mahali pakubwa pa kwenda. Mwenye maumivu ya kifua au kidonda cha mguu amwone daktari kwanza.

Kikombe kabla ya sahani

Kwenye kula nitasema zaidi kuhusu chai, maana chai ndiyo iliyonimaliza. Fundi anakunywa na kila mteja. Vikombe sita kwa siku, vijiko viwili kila kikombe, ni vijiko 12, na sijahesabu mandazi. Nilijaribu kuacha sukari siku moja nikashindwa kufikia jioni. Ndipo nikapunguza nusu kijiko kila wiki mbili. Mwezi wa tatu nilikuwa nanywa chai ya maziwa yenye tangawizi bila sukari, na siku moja jirani alinipa chai yake ya kawaida nikaona ni kama sharubati. Soda, na ile juisi ya pakiti, niliacha kabisa. Asali na sukari nguru ni sukari pia, kongosho halizitofautishi.

Kwenye sahani sikuhama nyumbani. Ugali upo, lakini kipande ni cha ngumi yangu, na nusu ya sahani ni mboga: sukuma, managu, terere, kunde. Naanza na mboga na maharagwe au omena, ugali unakuja mwisho; ukifuata mpangilio huo sukari hupanda polepole. Githeri yenye maharagwe mengi kuliko mahindi inashibisha muda mrefu. Chapati mbili za maji na viazi juu yake, hapo ndipo jora linawekwa juu ya meza. Mwezi wa Ramadhani hapa mtaani, anayefunga na anatumia dawa za sukari azungumze na daktari kabla mwezi haujaandama.

Si lazima uwe kama ulivyokuwa arusini. Marekani, katika utafiti uliotolewa mwaka 2002, watu zaidi ya 3,000 waliokuwa njiani kama mimi waligawanywa. Wale walioongozwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki, hatari yao ya kufikia kisukari ilipungua kwa asilimia 58. Waliopewa metfomini, kidonge cha kisukari, kwa asilimia 31. Mimi nilikuwa kilo 81, kwa hiyo nilihitaji kupoteza kilo 6 hivi. Mafuta ya ini na ya tumboni hutangulia kutoka, nawe utaona tepu ikilegea kabla mizani haijasema kitu cha maana.

Na ulale. Nilikuwa nakesha nikishona nikidhani ni bidii. Hata usiku mmoja wa usingizi mfupi unapunguza usikivu wa insulini kesho yake.

Usifanye peke yako

Uliyeandikiwa dawa, usiziache kwa sababu umesoma haya. Anayetumia insulini au vidonge vinavyolisukuma kongosho, akipunguza chakula na kuongeza kutembea ghafla, sukari inaweza kushuka mno: jasho baridi, kutetemeka, kuchanganyikiwa. Huyo apewe kitu kitamu mara moja, halafu dozi irekebishwe hospitalini. Na mtoto au mtu yeyote anayekonda haraka, anakojoa sana, ana kiu isiyokatika na anatapika, usimpime kwa uzi. Mpeleke hospitali leo.

Ukienda kupimwa, omba HbA1c, presha na mafuta ya damu, na uwaonyeshe kiuno chako kilivyokuwa mwaka jana na kilivyo sasa. Ndiyo maana nasema uandike. Mimi nilirudi mwaka huu na daftari mkononi: kiuno 34, HbA1c 5.6.

Jumamosi iliyopita nilimpima binti yangu sketi ya shule. Anatembea kwenda na kurudi siku hizi, na soda ameacha kwa hiari yake. Kiuno kimepungua inchi mbili. Shingo bado ina weusi, ila umekuwa mwepesi, na ukiigusa haikwaruzi kama zamani. Nilipofunga daftari alinishika mkono akasema, "Mama, hujaandika tarehe."